Dada anasema nimebeba mtoto wa watu

Shikamoo shangazi,

Nina miaka 44 na mimba yangu imetimiza wiki 14. Sentensi hiyo sijawahi kuiandika popote. Nimeiandika hapa, nikaisoma mara mbili ndipo nikaendelea.

Tumeoana miaka 15. Mume wangu ana 48. Mwanzoni tulidhani ni suala la muda tu, baadaye vipimo vikaonyesha mbegu zake ni chache na hazina nguvu, na mimi mayai yangu yameanza kwisha. Tulijaribu kupandikiza mara mbili kwa yai langu na mbegu zake, nikiwa na 41 na tena nikiwa na 42. Mara zote mbili viinitete, yaani mayai yaliyokwisha kurutubishwa, viliacha kukua maabara siku ya tatu, hata hatukufikia hatua ya kuwekewa. Daktari akatuambia kwa upole kwamba njia iliyobaki ni kiinitete cha kuchangiwa, yaani yai si langu na mbegu si za mume wangu. Kuna wanandoa waliokwisha kupata watoto wao wawili, wakabakiwa na viinitete vilivyogandishwa, wakakubali wapewe watu wasiowajua. Cha kwanza hakikushika. Cha pili ndicho hiki.

Nina furaha, shangazi, kweli ninayo. Lakini silali.

Wiki iliyopita nilikwenda kuanza kliniki ya wajawazito. Si kule nilikopandikizwa, ni hospitali nyingine. Muuguzi akafungua faili jipya, kalamu inakimbia. Umri? Nikasema 44. Kwenu kuna mapacha? Kuna kisukari, selimundu, ugonjwa wowote wa kurithi? Na kwa mume? Nikawa najibu tu: mama ana kisukari, babu yake mume alikuwa na hiki na kile. Mimba hii umeipata kwa njia ya kawaida? Nikasema ndiyo. Wakanitoa damu, wakanipima kwa ultrasaundi. Juzi wakanipigia simu kwamba majibu yanaonyesha uwezekano mkubwa wa mtoto kuwa na sindromu ya Down, ile hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha akili na ukuaji, niende tuzungumzie kipimo cha kuchomwa sindano tumboni. Sijaenda. Nimesema naumwa.

Sikusema ukweli kwa sababu mume wangu aliniapisha. Anataka ibaki siri yetu mpaka kaburini, mtoto mwenyewe asijue. Tangu mimba ishike amekuwa mkimya. Tumbo langu hajaligusa hata siku moja. Nilipomletea picha ya ultrasaundi aliitazama kidogo, akasema "haya," akaenda kuoga. Lakini jumapili nikiwa nafua, nikaikuta ile picha imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa shati lake la kazini. Sijamuuliza.

Anayejua ni dada yangu peke yake, nilimwambia siku niliyozidiwa na kilio. Tumegombana kwa jambo jingine kabisa, akanitamkia kwamba nimebeba mtoto wa watu. Akaongeza, mtoto wa friji. Alikuja kuomba radhi kesho yake lakini neno limeshaingia. Usiku naweka mkono tumboni na kujiuliza, akizaliwa nikimtazama nitamwona mwanangu, au nitaona mgeni?

Nifanye nini, shangazi?

Mama Mtarajiwa

*

Marahaba mwanangu,

Naanza na kliniki, kwa kuwa hilo halingoji.

Kesho asubuhi rudi hospitali. Usiende kwa yule muuguzi wa dirishani wenye foleni nyuma yako. Omba kuonana na daktari au mkunga mkuu, mlango ukiwa umefungwa. Sema hivi: "Nilipofungua faili sikueleza vizuri. Mimba hii ni ya kupandikizwa, kiinitete ni cha kuchangiwa, na mwanamke aliyetoa yai alikuwa na umri huu." Huo umri unao? Kama huna, piga simu kule ulikopandikizwa leo hii, wanao kwenye kumbukumbu zao. Wanachotakiwa kukupa ni umri wake siku mayai yalipotolewa, siyo umri alionao sasa, maana yai likishagandishwa ndani ya kiinitete halizeeki tena.

Nakuharakisha kwa sababu kipimo ulichopimwa hakimtazami mtoto peke yake. Majibu yale ni hesabu, na hesabu yenyewe huanzia kwenye umri wa yai. Yai la mwanamke wa miaka 44 lina uwezekano wa takriban 1 kwa 35 wa kuzaa mtoto mwenye sindromu ya Down. La mwanamke wa miaka 27 ni takriban 1 kwa 1,000. Wewe uliwapa 44 wakahesabia 44, na mwenye yai huenda alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu. Sikuahidi kwamba majibu mapya yatakuwa mazuri, kwani vipo vipimo vingine vilivyoingia katika hesabu ile. Lakini usikubali kuchomwa sindano tumboni, kipimo chenye hatari yake ndogo ya kuharibu mimba, kwa hesabu iliyofanywa kwa umri usiohusika. Wakikushauri kipimo kingine cha damu cha kuangalia vinasaba vya mtoto, yaani chembe zake za urithi, waambie tena habari ya kiinitete cha kuchangiwa kabla hawajachukua damu, kwa kuwa baadhi ya vipimo hivyo vimetengenezwa kwa kudhani kwamba nusu ya vinasaba vya mtoto ni vya mama aliyembeba.

Kuna la pili, na hili linahusu uhai wako. Mwanamke aliyevuka 40, mimba ya kwanza, tayari ana hatari zaidi ya kupanda presha na kupata kifafa cha mimba. Mimba ya yai au kiinitete cha kuchangiwa huongeza hatari hiyo juu ya ile ya umri. Wanasayansi wengi wanaona sababu ni kondo la nyuma: katika mimba nyingine nusu ya vinasaba vya kondo ni vya mama, mwili unavifahamu, katika mimba yako vyote ni vigeni, na mwili lazima ujifunze kukaa navyo. Wengi hujifunza vizuri na kujifungua salama. Ila madaktari huwa na jambo la kufanya mapema: wanawake walio katika hatari hii hupewa aspirini ya dozi ndogo kila siku, ikianza baada ya wiki ya 12, na husaidia zaidi ikianza kabla ya wiki ya 16. Wewe uko ya 14. Usijinunulie mwenyewe, muulize daktari, lakini muulize wiki hii. Na ukishafika wiki ya 20, presha ya 140 kwa 90, kichwa kisichosikia dawa, macho kuona vimulimuli, maumivu chini ya mbavu za kulia, uso au mikono kuvimba ghafla, hayo si ya kulala nayo hadi asubuhi. Ni ya kwenda hospitali usiku huohuo.

Halafu damu. Kwa kawaida mama wa kundi O hazai mtoto wa AB. Wewe unaweza, na mkunga asiyejua atadhani watoto wamebadilishwa wodini. Na kama damu yako ni ya kundi hasi, kundi la mume wako halisaidii kitu katika kuamua kama uchomwe ile sindano ya kuzuia mwili wako usiishambulie damu ya mtoto. La kuangaliwa ni la mtoto. Wataangalia pia kisukari cha mimba, kondo limekaa wapi, na wengi hawapendi mama wa umri wako apitilize wiki 40. Yote hayo huenda vizuri zaidi faili likisema kweli.

Mwanangu, najua uliapishwa. Lakini mhudumu wa afya si jirani. Naye ameapa kutunza siri za wagonjwa, na una haki ya kumwomba aandike habari hii mahali ambapo si kila anayepita atasoma. Mume wako akikuuliza kwa nini umesema, mwambie umesema ili urudi nyumbani ukiwa hai na mtoto mkononi.

Sasa nije kwa dada yako. Nimelisoma lile neno lake mara kadhaa na limeniuma kana kwamba nimeambiwa mimi.

La friji nalipitia haraka, maana halina uzito. Viinitete hutunzwa katika nitrojeni, gesi iliyogeuzwa kuwa kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, na kwenye ubaridi huo hakuna kinachokua wala kinachooza. Mtoto wa kwanza duniani aliyezaliwa kutokana na kiinitete kilichogandishwa alizaliwa Australia mwaka 1984. Ni mtu mzima sasa, si mbali na umri wako. Huko Marekani, mwaka 2022 walizaliwa mapacha waliokuwa wamegandishwa tangu 1992.

"Mtoto wa watu" ndilo lenye mwiba, na sitakujibu kwa maneno matamu, kwa sababu utakuwa macho saa nane usiku na maneno matamu hayatakusaidia. Vinasaba vya mtoto huyo ni vya watu wawili usiowajua. Pua yake, kimo chake, pengine sauti yake, vitatoka kwao. Kuna watakaokwambia kwamba tumbo hubadilisha vinasaba mpaka mtoto afanane nawe. Usilishikilie hilo. Tumbo haliandiki vinasaba vipya. Linachofanya, na si kidogo, ni kuchangia katika kuamua baadhi ya vilivyopo viwashwe au vizimwe wakati mtoto anaumbika.

Lakini tazama kile ulichowekewa. Kiinitete cha siku tano ni kitu kisichozidi robo ya milimita, unahitaji hadubini kukiona vizuri. Kilichobaki chote kimepita kwako. Mfupa unaojengwa wiki hii unajengwa kwa madini yaliyokuwa ndani ya damu yako. Na mlango wa kondo hauko upande mmoja: seli za mtoto huvuka na kuingia kwa mama, za mama huvuka na kuingia kwa mtoto. Mwaka 1996 watafiti walichapisha kwamba wamezikuta seli za mtoto kwenye damu ya mama miaka 27 baada ya kujifungua. Dada yako akikurudia, huna haja ya kugombana naye. Sheria ya Uingereza tangu ile ya mwaka 1990 inasema wazi kwamba mwanamke aliyebeba mimba iliyowekwa kwa njia hii ndiye mama, hata kama yai si lake, na si nchi hiyo peke yake. Ya kwenu uliza, pamoja na mkataba mliosaini, kabla ya kujifungua.

Na kuhusu kumwona mgeni: huenda ukamwona. Nakwambia ili siku hiyo isikutishe. Akina mama wengi sana waliozaa kwa mayai yao wenyewe hutazama kile kiumbe chekundu kilichokunjamana wakajiuliza, huyu ndiye nani? Upendo kwa wengine huja leba, kwa wengine huja wiki ya sita saa kumi usiku, mtoto anaponyamaza kwa kusikia sauti yako na si ya mwingine. Tena una msiba ambao hakuna aliyekupa pole kwa ajili yake. Mtoto mwenye macho ya mama yako hatazaliwa. Ulimngoja miaka mingi, na kwa kuwa una mimba watu wote wakaona huna cha kulilia. Mlilie. Kumlilia huyo hakumpunguzii kitu huyu aliye tumboni.

Mume wako. Hapa ningekuwa jirani ningekuja kukaa naye barazani.

Wewe umepoteza yai lakini umepata tumbo. Yeye amepoteza mbegu na hajapata kitu cha kushika. Kila siku unakua mbele yake na mwili wake haubadiliki. Mwanamume aliyeambiwa mbegu zake hazitoshi, ukimwomba afurahie mimba isiyo na kitu chake, anaweza kusikia anakumbushwa upungufu wake kila unapopita. Kiapo kile, naona, alikiomba ili ajifiche yeye. Hakukiomba kwa ajili ya mtoto. Usimkasirikie kwa hilo, ila usikubali mtoto ndiye alipie.

Lakini mtu asiyemtaka mtoto hazunguki na picha yake mfukoni kazini. Ile picha haikukunjwa ili itupwe. Imekunjwa ili ienee mfukoni.

Usimuulize kuhusu picha. Mpe kazi. Daktari akikushauri kupima presha nyumbani, basi mpimaji awe yeye, kila jioni, na daftari la kuandika namba liwe lake. Atalazimika kukaa karibu nawe, kukushika mkono, kusubiri mashine ipumue. Mwambie kwamba kuanzia kama wiki ya 25 mtoto husikia, na sauti ya baba anaweza kuizoea kabla hajazaliwa. Na siku mtakapokuwa mmetulia, mwambie jambo ambalo pengine hajawahi kulifikiria: katika mimba hii hakuna kati yenu aliye mbele ya mwenzake. Kwa yai la kuchangiwa mtoto angekuwa wa damu yake na si yako. Kwa mbegu za kuchangiwa angekuwa wako na si wake. Kwa huyu mmesimama sawa. Mmemtafuta wote wawili na mtamlea wote wawili.

Kuhusu siri ya mpaka kaburini, mimi siikubali. Faragha ni haki yenu. Majirani, wafanyakazi wenzenu, hata wakwe, hawana deni la habari hii. Anayeuliza "atafanana na nani?" mjibu "tusubiri tumwone," inatosha. Mtoto ni habari nyingine, hii ni hadithi yake yeye. Siku hizi mtu hutema mate kwenye kichupa, akakituma kwa kampuni ya kupima vinasaba, na baada ya wiki chache akaletewa orodha ya ndugu zake wa damu. Naye huyu ana ndugu. Wale wanandoa wana watoto wawili, na kama viinitete vyote vilitokana nao wenyewe, hao ni ndugu zake wa baba na mama mmoja. Siku moja atawajua. Swali ni atajulia kwako ukiwa umempakata, au atajulia kwenye simu akiwa na miaka 23 huku akijiuliza mengine mliyomficha ni yapi.

Profesa Susan Golombok wa Chuo Kikuu cha Cambridge na wenzake waliwafuatilia kwa miaka 20 watoto waliozaliwa kwa yai la kuchangiwa, mbegu za kuchangiwa au kubebewa mimba. Matokeo ya mwaka 2023 yalionyesha kwamba wakiwa na miaka 20, hali zao za kiakili na uhusiano wao na mama zao havikuwa pungufu kuliko vya wenzao waliopatikana kwa njia ya kawaida. Waliokuwa na uhusiano mzuri zaidi na mama zao ni wale walioambiwa mapema, kabla ya miaka 7. Sweden iliwapa watoto wa mbegu za kuchangiwa haki ya kumjua mchangiaji tangu 1985, Uingereza ikaondoa usiri kwa wachangiaji waliojiandikisha kuanzia Aprili 2005. Dunia inaelekea huko.

Wala usingoje awe mkubwa ili umkalishe kitako. Anza akiwa hajui kusema, unapombadilisha nepi, ili ulimi wako uzoee kabla masikio yake hayajaelewa. Sema: "Mimi na baba tulikutamani sana. Mbegu zetu hazikuota. Kuna baba na mama wengine walikuwa na mbegu moja ndogo sana, wakatupa. Daktari akaiweka tumboni mwangu, ukakua, ukakua, ukazaliwa wewe." Siku ya kwanza utalia. Siku ya 40 utakuwa unaisema huku unatafuta soksi iliyopotea.

Sasa hivi, kabla mafaili hayajahamishwa wala kituo hakijafungwa, omba nakala ya kila wanachoruhusiwa kukupa: umri wa wachangiaji, makundi ya damu, magonjwa ya ukoo wao, kama waliacha barua, kama wako tayari kutambulika siku za mbele. Ziweke pamoja. Akifika miaka 10 akaulizwa hospitalini kama kwao kuna selimundu, uwe na jibu la kweli.

Dada yako amekuja kuomba radhi, mpokee. Ila mwambie pia kwamba atakayemweleza mtoto ni wewe na baba yake, si yeye, wala si kwa hasira.

Ukitoka kwa daktari niandikie ile hesabu mpya imesemaje. Na kwa hiyo picha iliyo mfukoni: karatasi ya ultrasaundi hufifia kwa joto na mwanga, na ikikunjwa hufutika kwenye mikunjo. Shati likiwa limetundikwa na yeye amelala, itoe, ipige picha kwa simu, kisha uikunje vilevile mara nne uirudishe.

Shangazi yako